Kijiji cha watu 499 na barabara isiyofika

Katika vitabu vya sensa ya India kila kijiji kina mstari wake. Unaanza na idadi ya kaya na ya watu, wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wa chini ya miaka saba, wanaojua kusoma na wasiojua. Baada ya hapo zinakuja huduma: shule, zahanati, maji, posta, na upande wa usafiri barabara ya lami, basi na stesheni ya reli. Huduma isipokuwepo kijijini, huandikwa herufi moja tu. A ina maana ipo umbali wa chini ya kilomita tano, b ni kati ya tano na kumi, c ni zaidi ya kumi.

Mtu anayesoma kurasa hizo akiwa ameketi kwenye kiti anaweza kupita haraka juu ya herufi c. Kwa mama mwenye uchungu wa kujifungua mwezi Julai, mvua za monsuni zikiwa zimefurika vijito, herufi hiyo ni usiku mzima wa kubebwa kwenye kitanda cha kamba.

Safu hizo mbili, ya watu na ya usafiri, hazikukutana kwenye ukurasa mmoja kwa bahati. Zimefungwa pamoja na kanuni ya serikali, na kanuni hiyo, pamoja na mema yote iliyoyafanya, imewaacha nyuma watu wanaoihitaji barabara kuliko wengine.

Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilizindua Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, mpango wa kitaifa wa barabara za vijijini. Ilikadiriwa wakati huo kwamba kati ya makazi 825,000 ya vijijini, 330,000 hivi hayakuwa na barabara inayopitika mwaka mzima. Fedha za kuyafikia yote kwa mpigo hazikuwepo, kwa hiyo foleni ilipangwa kwa idadi ya watu. Makazi ya watu 1,000 na zaidi yalitangulia, yakafuatwa na ya 500 na zaidi. Milimani, jangwani na kwenye maeneo ya makabila ya asili kiwango kilikuwa 250, na baadaye wilaya zilizokumbwa na uasi wa Wanaksali, wapiganaji wa Kimao, zikashushiwa hadi 100. Chini ya hapo, subiri.

Sitaki kuidharau kanuni hii. Ilikuwa ngao dhidi ya tabia ya barabara kwenda kwa mbunge au kwa shamba la mkubwa. Ofisa wa wilaya aliyeshinikizwa na mwanasiasa aliweza kufungua orodha na kusema kijiji chako kina watu 600, cha jirani kina 900, cha jirani kinatangulia. Kwa njia hiyo zimejengwa kilomita zaidi ya 700,000, na ni nchi chache zilizowahi kufanya kazi ya ukubwa huo vijijini kwa robo karne. Anayetaka kuikosoa lazima aanzie hapo.

Ila kanuni ikishatoa barabara kwa kuhesabu vichwa, vichwa navyo vinapata bei. Wachumi Sam Asher na Paul Novosad, waliochapisha utafiti wao mwaka 2020, walipozilinganisha takwimu za mpango wa barabara na za sensa waligundua jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa kijijini angelitarajia: katika kumbukumbu za mpango, makazi yalikuwa yamerundikana juu kidogo tu ya kiwango kinachotakiwa. Ikabidi watafiti waziache takwimu hizo na kurudi kwenye sensa yenyewe ya 2001. Wenye mtu wa kuwasemea wilayani walipanda juu ya mstari. Wasio na mtu walibaki na hesabu yao halisi, hata kama ilikuwa 499.

Halafu kuna swali la nani anahesabiwa pamoja na nani. Kijiji cha sensa ni eneo la kodi ya ardhi lenye mipaka iliyochorwa zamani. Ndani yake kunaweza kuwa na vitongoji vitano au kumi, na katika jimbo la Bihar kila kimoja huitwa tola. Mpango wa barabara unajali makazi, kwa maana ya kitongoji, na katika hilo uko mbele ya sensa. Tatizo liko kwenye maelezo madogo. Katika tambarare, makazi yanahesabika kuwa hayajaunganishwa ikiwa tu yako nusu kilomita au zaidi kutoka barabara inayopitika mwaka mzima, au kutoka makazi mengine yenye barabara. Milimani umbali huo ni kilomita moja na nusu kwa njia ya miguu.

Ni nani anayekaa mita 400 kutoka katikati ya kijiji cha India Kaskazini? Mara nyingi sana ni Wadalit, watu wa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, waliokuwa wakiitwa wasioguswa. Tola yao iko ukingoni, ng'ambo ya mashamba ya wenye ardhi, upande wa bonde ambako maji hujaa kwanza. Barabara inafika kwenye nyumba za matabaka ya juu, inaishia hapo, na kwenye orodha tola imeshaunganishwa. Mita 400 hizo zinapita kwenye tuta la shamba la mtu, na mwenye shamba hana sababu ya kulitoa. Bihar yenyewe iliona pengo hili, na mwaka 2013 ikaanzisha mpango wa jimbo wa kuyafikia makazi ya watu 250 hadi 499. Hiyo ni hatua ya heshima. Hata hivyo, jimbo linapolazimika kuziba tundu kwa fedha zake, ni ushahidi kwamba tundu lipo kwenye kanuni ya taifa.

Gehlaur, kijiji cha wilaya ya Gaya, kusini mwa Bihar, kinajulikana India nzima kwa sababu ya Dashrath Manjhi. Alikuwa kibarua wa jamii ya Wamusahar, ambao hata miongoni mwa Wadalit wanahesabiwa kuwa wa chini kabisa. Kati ya kijiji na mji wa Wazirganj, penye soko na tiba, palisimama ukingo wa mwamba. Mtu aliuvuka kwa miguu juu ya mawe, au aliuzunguka kwa njia ndefu. Mkewe, Falguni Devi, aliumia kwenye njia hiyo ya mawe, na masimulizi yanatofautiana juu ya namna mauti yalivyomfika. Lisilobishaniwa ni kwamba mwaka 1960 Manjhi alichukua nyundo na patasi akaanza kuuchonga mwamba, na alimaliza mwaka 1982. Alipasua njia ya urefu wa mita 110 hivi, yenye upana unaofikia mita tisa, akikata mwamba kwenda chini zaidi ya mita saba mahali penye kina. Safari kati ya tarafa za Atri na Wazirganj, iliyokuwa kilomita 55, ikawa 15.

Alipofariki Agosti 2007, serikali ya Bihar ilimzika kwa heshima zote za kiserikali, na mwaka 2016 picha yake ilitolewa kwenye stempu ya posta. Anastahili, na zaidi. Lakini sifa zinazomwagwa juu ya moyo wa mtu mmoja huwa zinaficha swali gumu: kwa nini dola lililojenga mabwawa makubwa na viwanda vya chuma katika miaka hiyohiyo lilishindwa kwa miaka 22 kupeleka baruti mahali ambapo mtu alikuwa akifanya kazi kwa patasi, mbele ya macho ya watu wote? Jibu langu ni kwamba Gehlaur haikuwa na uzito kwenye hesabu ya mtu yeyote. Wamusahar wachache, wasio na ardhi, wasiouza mazao, hawakuwa sababu ya kutosha ya barabara. Walikuwa wachache machoni pa mhandisi, na maskini mno machoni pa mfanyabiashara.

Tuseme sasa barabara imefika. Inabadilisha nini? Utafiti uleule wa Asher na Novosad ulitumia kiwango cha watu kama kipimo: vijiji vilivyopita kidogo juu ya mstari vililinganishwa na vilivyokosa kidogo, kwa kuwa katika mambo mengine havikutofautiana. Matokeo yanapaswa kuwatuliza wanasiasa wanaoahidi kwamba lami italeta utajiri shambani. Mavuno hayakubadilika sana, wala mali za kaya, wala kipato. Kilichobadilika waziwazi ni watu wenyewe: vibarua waliacha kilimo wakaenda kutafuta kazi nje ya kijiji. Utafiti mwingine wao, pamoja na Anjali Adukia, ulionyesha kwamba watoto wengi zaidi walibaki shuleni katika madarasa ya kati baada ya barabara kufika.

Wapo wanaoyasoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi siyasomi hivyo. Kwa mtu asiye na ardhi, anayelipwa ujira wa siku na mwenye shamba mmoja ambaye pia ndiye mkopeshaji wake, uwezo wa kuondoka ni uhuru. Ujira anaoweza kuukataa ni tofauti na ule asioweza kuukataa. Hata yule anayebaki ananufaika na kujua kwamba njia ipo. Kosa ni kudhani lami inamaliza kazi. Lami ni nusu, na nusu ya pili ni chombo kinachopita juu yake: kinapita saa ngapi, na nauli yake anaimudu nani.

Bihar ilitoa somo zuri juu ya hili mwaka 2006. Serikali ya Waziri Kiongozi Nitish Kumar ilianza kuwapa fedha za kununua baiskeli wasichana waliojiunga na darasa la tisa. Karthik Muralidharan na Nishith Prakash waliupima mpango huo na kukuta kwamba wasichana wa umri husika walioandikishwa sekondari waliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Ongezeko kubwa lilitoka kwenye vijiji vilivyokuwa kilomita tatu au zaidi kutoka shule. Barabara ilikuwepo na shule ilikuwepo, na kilichokosekana kilikuwa magurudumu mawili. Mwingine ataongeza, na ni kweli, kwamba wasichana kumi wanaoendesha baiskeli kwa pamoja asubuhi wana usalama ambao msichana mmoja anayetembea peke yake hana.

Jimbo la Maharashtra, magharibi mwa India, limekwenda njia nyingine, ya basi la umma. Shirika la mabasi la jimbo, ambalo kila mtu analiita ST, lilipeleka basi lake la kwanza kutoka Pune hadi Ahmednagar tarehe 1 Juni 1948, na kaulimbiu yake ya miaka mingi inasema palipo na kijiji pana ST. Kuna mpango mmoja wa shirika hilo ninaoupenda kuliko yote: basi linalolala kijijini. Linafika jioni likiwa la mwisho kutoka mjini, dereva na kondakta wanalala hapohapo, na alfajiri linaondoka na wanafunzi, wagonjwa wenye miadi hospitalini, wauza mboga na wenye kesi mahakamani. Kijiji chenye basi linalolala kina uhakika wa kuwahi. Kijiji kinachotegemea basi la saa nne asubuhi kinafika mjini wakati foleni ya daktari imeshafungwa. Wasichana wa darasa la tano hadi la 12 wanasafiri bure kwenda shule, na tangu Machi 2023 wanawake wote wanalipa nusu nauli.

Thamani ya basi hilo ilionekana lilipokosekana. Wafanyakazi wa ST waligoma kuanzia mwishoni mwa Oktoba 2021 hadi Aprili 2022, wakidai shirika liunganishwe na serikali ya jimbo. Madai yao yalikuwa na msingi, maana mishahara ilikuwa midogo na ilichelewa. Ila kwa miezi hiyo barabara za vijijini zilikuwa palepale, lami ileile, na wanafunzi walikaa nyumbani au walijibana kwenye jipu za watu binafsi kwa nauli ambayo familia maskini haikuiweza. Kwenye takwimu za barabara vijiji hivyo viliendelea kuwa vimeunganishwa.

Milimani mambo yanageuka kuwa machungu zaidi. Katika jimbo la Uttarakhand, chini ya Himalaya, sensa ya 2011 ilikuta vijiji zaidi ya 1,000 visivyo na mkazi hata mmoja, na wilaya mbili, Pauri Garhwal na Almora, zilikuwa na watu wachache kuliko mwaka 2001, wakati nchi nzima ilikuwa inaongezeka. Mwaka 2017 jimbo liliunda tume ya kuchunguza uhamaji, na ripoti yake ya mwaka uliofuata ilitaja vijiji vingine 734 vilivyohamwa tangu 2011. Watu waliondoka kwa kukosa kazi, shule na tiba. Hapa kanuni ya idadi inakuwa mtego. Kijiji cha watu 300 kinasubiri barabara, vijana wanachoka kusubiri, wanateremkia Dehradun au Delhi, na mhandisi anapokuja kuna wazee 90. Sasa kijiji hakistahili tena, na ucheleweshaji wenyewe umetengeneza sababu ya kukinyima.

Kuna kasoro nyingine ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, nayo ni mwezi wa kuhesabu. Sensa ya 2011 ilifanyika kuanzia tarehe 9 hadi 28 Februari. Kwa ofisi ni wakati mzuri: mvua hakuna na njia zinapitika. Lakini Februari ni katikati ya msimu wa tanuri za matofali, unaoanza Novemba hivi na kumalizika mvua zinapokaribia. Familia nzima za Wamusahar kutoka wilaya kama Gaya huhamia kwenye tanuri hizo, baba, mama na watoto. Ni wakati huohuo ambapo watu wa Beed na maeneo mengine makavu ya Maharashtra wako magharibi mwa jimbo wakikata miwa ya viwanda vya sukari, kazi inayoanza Oktoba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Nyumba zimefungwa. Asiyekuwepo kwa kipindi chote cha kuhesabu anahesabiwa kule aliko. Kwa hiyo tola iliyo maskini kiasi cha kulazimika kuhama ndiyo inayoonekana ndogo kwenye kitabu, na ndogo kwenye kitabu inamaanisha iko nyuma kwenye foleni ya barabara, ambayo ingeipa watu wake kazi ya kwenda asubuhi na kurudi jioni badala ya kuhama.

Wingi wa watu hawa wasio na mahali pao kwenye takwimu ulionekana na dunia nzima Machi 2020, serikali ilipotangaza saa mbili usiku kwamba nchi itafungwa usiku wa manane. Treni na mabasi yalisimama, na wafanyakazi wakaanza kutembea kurudi vijijini, mamia ya kilomita. Tarehe 8 Mei treni ya mizigo iliwaua wafanyakazi 16 waliokuwa wamelala kwenye reli karibu na Aurangabad, Maharashtra, wakijaribu kurudi kwao Madhya Pradesh. 

Si kila kijiji kinachopoteza watu kinadidimia, na msomaji wa Nairobi au Mombasa anaweza kuwa na mfano karibu naye. Vijiji vya Wapatel wa Kutch, Gujarat, kama Madhapar karibu na Bhuj, vimepeleka watu Afrika Mashariki na Uingereza kwa vizazi kadhaa, na fedha wanazorudisha zimejaza benki nyingi ambazo kijiji cha kawaida hakizioti. Tofauti kati yao na Wamusahar wa Gaya ni ardhi, mtaji wa safari na bandari iliyokuwa jirani. Waliondoka kwa kuchagua.

Nini kifanyike? Chombo cha kupimia kipo tayari, na India imekiunda yenyewe. Awamu ya tatu ya mpango wa barabara, iliyoidhinishwa mwaka 2019, iliamua kuboresha kilomita 125,000 kwa kutazama barabara inampeleka mtu wapi: kwenye soko la mazao, sekondari ya juu, hospitali. Mwaka 2022 serikali ilizifungua kwa umma ramani za kidijiti za barabara, makazi na huduma za vijijini. Kwa hiyo leo inawezekana kuuliza, kwa kila tola, mgonjwa anatumia saa ngapi kufika hospitali wakati wa mvua, na kupanga foleni kwa jibu hilo. Kipimo hicho kimetumika kwa wenye barabara tayari. Wasio nayo bado wanapimwa kwa vichwa.

Awamu ya nne, iliyoidhinishwa Septemba 2024, imetengewa rupia bilioni 701 za kujenga kilomita 62,500 kwa ajili ya makazi 25,000 hadi mwaka wa fedha 2028/29. Viwango ni vilevile, 500 tambarare, 250 milimani, na hesabu inayotumika ni ya 2011, kwa kuwa sensa ya 2021 iliahirishwa kwa UVIKO-19 na haikufanyika. Mpya imepangwa kuhesabu watu hadi tarehe 1 Machi 2027, Februari tena. Ikiwa matokeo yake hayataruhusiwa kuifungua orodha upya, mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2011 kwenye tola ya watu 480 atafikisha umri wa kupiga kura wakati mpango unamalizika, na atakwenda kituoni kwa kupita kwenye tuta la shamba.